Kabla hujaingiza diski ya harusi kwenye kompyuta

Mama mmoja aliniletea DVD ya harusi ya binti yake, kaizungushia kipande cha kanga. Nyumbani walikuwa wameiingiza kwenye laptopu zaidi ya mara kumi, na kila mara kompyuta ilikaa kimya. Mpiga picha wa shughuli ile alishafunga studio, nakala ni hiyo moja, na ndani yake yumo babu yao ambaye hayupo tena. Diski ya namna hii si ya kubahatisha. Kazi kubwa ifanyike kabla trei haijafungwa.

Anza na diski yenyewe. Ishike ukingoni, igeuzegeuze chini ya taa. Wengi wetu tunakagua upande unaong'aa tu, na kwa CD hilo ni kosa, kwa sababu tabaka lenye data limekaa juu, chini kidogo tu ya ile rangi yenye maandishi. Ikiinuliwa kwenye mwanga ukaona vitundu vinapitisha nuru, palipotoboka pameshapotea. DVD ina nafuu: data yake iko katikati, kati ya vipande viwili vya plastiki. Kama ina vumbi au alama za vidole, chukua kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji safi, pangusa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe mkono. Mkwaruzo unaokata njia ya data draivu, yaani kifaa kinachosoma diski, inaweza kuufidia, lakini unaoifuata njia hiyo unafuta kipande kirefu kwa mkupuo. Dawa ya meno usiiguse kabisa kwenye nakala ya pekee. Iache ikauke vizuri, na kama imebandikwa karatasi inayobanduka, usiiingize hivyo hivyo: ikizunguka kwa kasi karatasi itachomoka ndani.

Halafu hakikisha diski na draivu vinaelewana. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa 650, Blu-ray kwa 405, kwa hiyo draivu ya CD peke yake haitaisoma DVD hata uisubiri mpaka jioni. Soma alama zilizo kwenye uso wa trei. Zile diski ndogo za kamera, zenye upana wa sentimita 8, usizitie kamwe kwenye draivu ya kumeza isiyo na trei, kwani zinaweza kukwama.

Laptopu nyingi za sasa hazina draivu, hivyo watu huazima ya nje ya USB. Hapa ndipo nimeona matatizo mengi kuliko pengine popote. Taa inawaka, diski inaanza kuvuma, inakata, inaanza tena, inakata. Sikiliza huo mlio kabla ya kuilaumu diski. Mara nyingi ni umeme hautoshi. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampia 500, na diski inapoanza kuzungushwa ndipo draivu inavuta umeme mwingi zaidi. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, usipitie kigawanyio, na kebo ikiwa na vichwa viwili chomeka vyote.

Sasa tafuta diski ya majaribio. Iwe nzima, unayoijua, na ya aina ileile: kama ya harusi ni DVD ya kuchoma, yaani iliyorekodiwa kwa kompyuta au mashine na si kiwandani, pima kwa DVD ya kuchoma, kwani leza iliyochoka huweza kusoma filamu ya dukani na kushindwa na ya kuchoma. Diski ya thamani isiwe ya kwanza kuingia.

Ukiingiza na hakuna dirisha linalofunguka, usiseme imekufa. Huenda AutoPlay, ile huduma ya Windows inayofungua diski yenyewe, imezimwa. Watu wengi waliizima baada ya kirusi cha Conficker, kilichozuka mwaka 2008 na kusambaa pia kwa flashi kupitia faili la autorun.inf. Fungua This PC utazame ikoni ya draivu kwa macho yako. Ikiwa haipo kabisa, ingia Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, iondoe draivu pale, uwashe upya kompyuta. Windows itaitambua yenyewe. Ikoni ikiwepo lakini video haichezi, kumbuka Windows 10 na 11 hazikuja na programu ya kuchezea DVD za video, kwa hiyo weka VLC mapema, bando likiwepo. Na kama diski inaonyesha haina kitu wakati upande wa chini unaonekana umeandikwa, yumkini haikufungwa baada ya kurekodiwa, yaani hatua ya mwisho ya kuifanya isomeke kwenye mashine nyingine haikufanyika. Itafute kamera au mashine iliyoirekodi, imalizie kazi.

Filamu ulizotumiwa na ndugu walio nje zina mambo yake, kwani DVD za filamu hutengenezwa kwa kanda za dunia na draivu hukubali kanda moja kwa wakati: Tanzania na Kenya ziko kanda ya 5, Uingereza ya 2, Marekani ya 1. Kompyuta ikikuuliza ubadilishe kanda ya draivu, tafakari, maana unaruhusiwa mara 5 tu.

Mwisho, andaa pa kunakilia kabla, kwa sababu diski iliyokubali leo huenda ikakataa kesho. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, na flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4, kwa hiyo ipange (format) kwa mfumo wa exFAT. Nakili folda ya VIDEO_TS nzima, ndimo ilimo video. Ile ya AUDIO_TS huwa tupu, usishtuke. Ukishamaliza fungua faili kubwa la mwisho kwanza, kwani diski huandikwa kutoka katikati kwenda nje, na huko ukingoni ndiko vidole hushika. Ya yule mama ilikwama hapo hapo, kwenye dakika za wazee kutoa nasaha. Nilirudia kuinakili kwa draivu nyingine, na babu akasikika.