Jinsi ya kuchukua na kurudisha fomu ya ubunge wa Kanada ukiwa Toronto

Kama umeshapata uraia wa Kanada na siku ya kupiga kura utakuwa umetimiza miaka 18, unaweza kugombea ubunge wa shirikisho. Si lazima uwe umezaliwa huko. Arielle Kayabaga, mbunge wa London West, Ontario, tangu 2021, ni mzaliwa wa Burundi. Si lazima hata uishi katika jimbo unalogombea, na mgombea binafsi anaruhusiwa, jambo ambalo Tanzania halipo. Mwenye ukaazi wa kudumu tu ndiye asubiri kwanza uraia wake.

Ada ya fomu hakuna. Zamani mgombea aliweka dhamana ya dola 1,000, lakini mahakama ya mkoa wa Alberta iliibatilisha mwaka 2017, na baadaye ikaondolewa kwenye sheria.

Anza kwa kulijua jimbo lako. Mipaka ilichorwa upya, na katika uchaguzi wa Aprili 2025 majimbo ya Toronto yalipungua kutoka 25 hadi 24; Don Valley North lilifutwa kabisa. Ingia kwenye tovuti ya Elections Canada, yaani tume ya uchaguzi, andika postikodi, uone jimbo gani linatokea. Usikisie kwa jina la mtaa, maana barabara moja inaweza kuwa na majimbo mawili, moja kila upande.

Kabla ya kurudisha fomu lazima uwe umeteua watu wawili, wakala rasmi na mkaguzi wa hesabu. Wakala ndiye mshika fedha. Anafungua akaunti ya benki ya kampeni na kila dola inapita kwake. Wewe mwenyewe huwezi kuwa wakala wako, na aliyefilisika bila kuondolewa deni na mahakama hafai. Mkaguzi awe mhasibu mwenye sifa za kitaaluma. Wote wawili waweke sahihi kwamba wamekubali. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Usimpe kazi hii shemeji kwa sababu tu ana nafasi. Mpe mtu anayetunza risiti.

Kisha wadhamini. Unahitaji wapiga kura 100 wanaoishi ndani ya jimbo, na kila mmoja aandike jina, anwani na sahihi mbele ya shahidi. Majimbo machache ya mbali yanadaiwa 50 tu, lakini Toronto haimo. Kwenye maghorofa ya kupanga, milango mingi itafunguliwa na watu wakarimu wasio raia, na sahihi zao hazihesabiki. Kwa hiyo swali la kwanza mlangoni liwe, "Samahani, wewe ni raia wa Kanada?" Hakikisha namba ya chumba imeandikwa, si namba ya jengo peke yake. Kusanya sahihi 150 au zaidi, kwa sababu zitakaguliwa. Mtu akikuambia ameshamdhamini mwingine, usimwache. Sheria haimzuii kudhamini wagombea wengi. Wanaharakati wanaopinga mfumo wa uchaguzi waliutumia mwanya huo, na uchaguzi mdogo wa Toronto–St. Paul's wa Juni 2024 ukawa na wagombea 84, karatasi ya kura ikikaribia urefu wa mita moja.

Ukishathibitishwa kuwa mgombea, mwenye jengo haruhusiwi kukuzuia kubisha hodi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku. Kabla ya hapo, zungumza vizuri na meneja.

Fomu inarudishwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, ana kwa ana au kwa mtandao, ikiwa na kitambulisho chako. Anayebeba bendera ya chama aambatanishe barua ya kiongozi wa chama. Mwisho ni saa 8 mchana, Jumatatu ya siku ya 21 kabla ya uchaguzi. Mwaka 2025 kampeni zilianza Machi 23, uchaguzi ukawa Aprili 28, na dirisha lilifungwa Aprili 7, takriban wiki mbili tu. Msimamizi ana saa 48 za kuikubali au kuikataa. Ukirudisha mapema, kasoro unaweza kuirekebisha. Ukirudisha saa 7 na dakika 55, hakuna tena nafasi. Anayebadili mawazo anaweza kujitoa hadi saa 11 jioni siku hiyohiyo.

Harambee ina masharti yake. Wachangiaji ni raia na wakaazi wa kudumu pekee. Kampuni hapana, chama cha wafanyakazi hapana, na mjomba wa Nairobi au Muscat hapana. Fedha taslimu zisizidi dola 20 kwa mtu. Kiwango cha juu cha mchango wa mtu mmoja mwaka 2025 kilikuwa dola 1,750, nacho hupanda dola 25 kila mwaka. Mgombea anaweza kujichangia hadi dola 5,000.

Baada ya kura, wakala ana miezi minne ya kuwasilisha hesabu, hata kama mmeshindwa vibaya. Ukipata asilimia 10 ya kura halali, unarudishiwa asilimia 60 ya matumizi ya kampeni yanayokubalika, na risiti ndizo zitakazoamua.