Kabla Hujacheza Gemu za Zamani kwenye TV ya Chogo: Mambo ya Kuzingatia

Ukicheza hatua ya kwanza ya Sonic the Hedgehog (1991) kwenye TV bapa ya leo, maporomoko ya maji yanaonekana kama nondo za dirisha: mstari mwembamba wa wima wenye rangi, kisha pengo, kisha mstari mwingine, kisha pengo. Mchoraji hakukosea. Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega iliyoendesha gemu hiyo, haikuwa na uwezo wa kuonyesha maji yanayopenyeza mwanga, kwa hiyo alitegemea waya wa njano wa AV na TV ya chogo vichanganye mistari na mapengo yale. Na kweli, kwenye kioo cha chogo zile nondo hutoweka, yakabaki maji mepesi ambayo nyuma yake unaona mwamba. Gemu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilichorwa hivyo, wachoraji wakijua kwamba kioo kitamalizia kazi yao.

Ndiyo maana TV hizi zinastahili kuhangaikiwa. Ila wengi wanaozikatia tamaa hawaangushwi na uzee wake. Wanaangushwa na TV, mashine na waya ambavyo havikuendana tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya maandalizi, basi, inatakiwa ifanyike kabla hujabeba wala kulipia chochote.

Anza na aina ya TV, kwa sababu si kila chenye chogo kinafaa. Mashine za gemu kama Famicom na Super Famicom za Nintendo, Mega Drive na PlayStation ya kwanza kwa kawaida hutuma picha ya mistari ipatayo 240, na huichora mahali palepale kila mara, mara 60 kwa sekunde kwa mfumo wa NTSC (wa Japani na Marekani) au mara 50 kwa PAL (wa Ulaya). TV ya kawaida ya chogo huipokea na kuichora papo hapo, mstari kwa mstari, bila kuihifadhi popote. Hapo ndipo unapopata vipengo vya giza kati ya mistari, na hapo ndipo kitufe kinapojibu mara tu unapokibonyeza. TV bapa nyingi huidhania picha hiyo kuwa nusu ya picha kubwa zaidi, zikasubiri nusu ya pili, zikaunganisha visivyounganika. Matokeo ni ukungu na ucheleweshaji.

Sasa, zipo TV za chogo za miaka ya mwisho zenye tabia hiyohiyo. Za kwanza kuziepuka ni zile za herzi 100, ambazo mara nyingi zimeandikwa "100 Hz" mbele au kwenye kibandiko cha nyuma. Hizi huiweka kila picha kwenye kumbukumbu ya kidijitali kabla ya kuionyesha mara mbili, na kwa filamu ni jambo zuri, lakini kwa gemu unapoteza ile kasi uliyoifuata. TV za chogo zenye kioo kipana cha HD mara nyingi zina ugonjwa huo pia. Kioo cha kompyuta cha VGA nacho ni mtego: kwa kawaida kinataka mistari elfu 31 au zaidi kwa sekunde, wakati mashine hizi zinatuma takribani elfu 15.7. Utapata giza au picha iliyochanika. Dreamcast, mashine nyingine ya Sega, ndiyo ya kipekee hapa, kwani gemu zake nyingi zinakubali VGA na zinapendeza mno humo. Kwangu mimi, TV ya kawaida ya inchi 20 hadi 25, isiyo na mbwembwe yoyote ya kidijitali, ndiyo chaguo la kwanza kwa mtu anayeanza.

Jambo la pili ni mfumo wa rangi. Mashine ya Japani au Marekani hutuma NTSC. Ya Ulaya hutuma PAL. Ukichomeka mashine ya NTSC kwenye TV ya zamani inayojua PAL peke yake, picha inaweza kuviringika juu chini bila kutulia, au ikatulia lakini ikawa nyeusi na nyeupe. Watu wengi hudhani mashine imekufa, kumbe ni nzima kabisa. TV nyingi za PAL za miaka ya baadaye zinakubali yote mawili, kwa hiyo tafuta maandishi ya NTSC na PAL nyuma ya TV au kwenye menyu yake kabla ya kukubaliana na muuzaji. Kama una nafasi ya kuchagua na mashine, chukua ya herzi 60, yaani ya NTSC. Gemu nyingi zilizopelekwa Ulaya hazikurekebishwa ipasavyo: zinaenda polepole kwa karibu asilimia 17, muziki nao unakokota, na picha imebanwa kati ya mikanda miwili myeusi.

Kisha waya. Geuza TV uone matundu yake kabla ya kuamua mashine gani utaicheza humo. Antena ndiyo njia chafu kuliko zote, ila wakati mwingine huna nyingine: Famicom ya mwanzo ya 1983 inatoa picha kwa njia ya antena tu, tena kwa masafa ya Japani ambayo TV za kwingine zinaweza kuhangaika kuyapata. Ni toleo la 1993 ndilo lililokuja na AV. Waya wa njano wa AV hupitisha rangi na mwanga pamoja kwenye uzi mmoja, kwa hiyo kingo za maandishi hutetemeka kidogo. S-Video, ile plagi ya duara yenye pini nne, hutenganisha mwanga na rangi, na tofauti utaiona mara moja kwenye herufi ndogo. Juu yake kuna RGB kupitia SCART, plagi pana ya Ulaya yenye pini 21, na zile plagi tatu za kijani, buluu na nyekundu zinazopatana sana na PlayStation 2.

Usikimbilie kilicho safi zaidi kwa kila gemu. Yale maporomoko ya Sonic, ukiyaonyesha kwa RGB, nondo zinarudi hata kwenye TV ya chogo. Mimi Mega Drive naichezea kwa waya wa njano kwa moyo mkunjufu, na S-Video naitunzia gemu zenye kusoma sana. Tahadhari moja ambayo usiipuuze: Japani ina plagi ya RGB inayofanana na SCART kwa umbo, lakini pini zake zimepangwa tofauti. Inaingia vizuri kabisa, na inaweza kuunguza. Uliza wazi ni ya aina gani kabla ya kuichomeka.

Umeme ndipo mashine nyingi zinapofia, tena siku ya kwanza. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, na nchi nyingi nyingine 220 hadi 240. Soma kibandiko cha TV na cha adapta, vyote viwili, na kama havilingani na soketi yako tafuta transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha kwa TV, maana TV ya chogo ni mlaji. Baada ya hapo angalia upande wa pili wa adapta, yaani kile inachokitoa. Adapta ya NES, yaani Famicom iliyouzwa Marekani na Ulaya, inatoa volti 9 za AC, kwa sababu NES yenyewe inaugeuza umeme ndani. Famicom na Super Famicom zinataka volti 10 za DC, tena hasi ikiwa katikati ya plagi. Plagi zinaingiliana, adapta haitalalamika, na Super Famicom iliyochomekwa adapta ya NES inaweza isiwake tena. Adapta nyingi za vifaa vya leo zina chanya katikati, kwa hiyo usiokote yoyote kwenye droo kwa kuwa tu imeingia. Mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa, ulioandikwa kwenye adapta, ndio wa kuuamini.

Ukienda kuitazama TV, omba iwashwe ikae nusu saa hivi. Baadhi ya matatizo hujificha ikiwa ya baridi na kujitokeza ikipata moto, na mengine huwa kinyume chake. Tafuta picha yenye rangi moja nyeupe uangalie kama kuna madoa ya kijani au zambarau pembeni. Tafuta mstari ulionyooka uone kama unajipinda. Zima kisha kiangalie kioo kwenye mwanga wa pembeni: nembo ya stesheni au ubao wa alama uliogandishwa humo kwa miaka hautatoka. Mlio mwembamba sana wa juu ni wa kawaida, watoto huusikia vizuri kuliko watu wazima. Mlio wa kupasuka, cheche au harufu ya kuungua si ya kawaida, hapo chomoa na uache. Ulizia na rimoti yake, kwani TV nyingi huwezi kufika kwenye menyu bila hiyo.

Kubeba nako kunahitaji mpango. TV ya inchi 32 inaweza kuzidi kilo 60, na karibu uzito wote uko mbele kwenye kioo. Bebeni watu wawili, kioo kikielekea kifuani kwa anayebeba, na msigonge ile shingo nyembamba ya nyuma, kwa sababu ndani ya kioo hamna hewa na ufa mdogo pale unatosha kuiua. Meza iwe pana, imara na fupi. TV ya chogo inayopinduka mbele ni hatari ya kweli kwa mtoto anayejishikilia kwenye meza, na sioni sababu ya kuiweka juu ya kabati.

Usifungue mfuniko wa nyuma. Mle ndani kuna umeme unaoweza kufika volti elfu 25 au zaidi, na baadhi ya chaji hubaki hata baada ya kuchomoa waya. Vumbi, kuungua kwa ubao wa saketi, picha iliyofinyana, vyote hivyo ni kazi ya fundi aliyezizoea hizi TV, si ya mwenye bisibisi na video ya mtandaoni.

Ikishakaa mahali pake, iwashe na uiache ipate moto kama robo saa kabla ya kugusa mpangilio wowote. Ukiona rangi zimechafuka kwenye kona, shuku sumaku kwanza: sogeza spika mbali, kisha zima TV ipoe kama nusu saa na uiwashe tena. Ule mlio wa "dumm" unaousikia ikiwaka ni TV inajiondolea usumaku, na kifaa kinachoufanya lazima kipoe ndipo kifanye kazi tena. Kuwasha na kuzima haraka haraka hakusaidii chochote.

Kwa picha yenyewe, punguza mwangaza mpaka nyeusi iwe nyeusi kweli, weka kontrasti ya wastani, na ukali wa picha ushushe karibu na chini kabisa, kwa sababu ukizidi unachora kingo nyeupe kuzunguka kila kitu. Ipo programu ya bure iitwayo 240p Test Suite, ya Artemio Urbina, inayoendeshwa kwenye mashine nyingi za zamani. Ina gridi na paleti za kukuonyesha picha imekatwa wapi na imepinda wapi. Kukatwa kidogo pembeni ni kawaida kwa TV hizi. Ukiingia menyu ya fundi, ile iliyofichwa ya mipangilio ya ndani ya TV, piga picha ya kila namba iliyopo kabla ya kubadilisha hata moja.

Kaseti za gemu zisafishe meno yake kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, ziache zikauke. Kupuliza kwa mdomo kunaacha unyevu unaoleta kutu. Kaseti zenye kuhifadhi mchezo, kama The Legend of Zelda ya NES, zina betri ndani, na betri hiyo ikibadilishwa kwa njia ya kawaida mchezo uliohifadhiwa unapotea. Na mashine izimwe kila unapochomeka au kuchomoa kaseti.

Kama lengo lako ni gemu za bunduki, kama Duck Hunt, TV ya chogo hapo ni sharti. Ukivuta kifyatulio, kioo kizima kinakuwa cheusi kwa muda mfupi sana, kisha kisanduku cheupe kinachorwa pale alipo bata. Kihisi kilicho ndani ya bunduki kikiona mweko huo kwa wakati wake, umempiga. TV bapa huuchelewesha mweko, na bunduki huona giza tu. Punguza taa za chumba zinazoangukia kioo na uongeze mwangaza kidogo kwa ajili ya gemu hizi peke yake.

Kwa gemu nyingine zote, chumba kisiwe giza totoro. Kioo hiki humemeteka, na kwa mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga ni jambo la kuzungumza na daktari kabla ya kucheza. Usiache picha iliyosimamishwa usiku kucha. Na ukitaka kupiga picha ya kioo kwa simu, zima flashi, tumia mpangilio wa mkono, weka kasi ya shata 1/60 kwa NTSC au 1/50 kwa PAL. Ikiwa ya haraka zaidi utapata mkanda mweusi katikati ya picha na marafiki watadhani TV ni mbovu.