Doom 3 kwenye PS3 ya mtumba: giza la gemu na giza la tivii

Mpwa wangu alinipigia simu saa tano usiku, salamu kaikimbiza kama mtu anayeogopa vocha kuisha. "Shikamoo mjomba, ile CD yako mbovu. Naona bunduki na namba za risasi tu, kwingine kote kiza." Nikamwambia CD ni nzima, alete mashine asubuhi. Akaja nayo kwenye mfuko wa salfeti, imeviringishwa kanga ya mama yake. Kufika adhuhuri alikuwa anacheza. Tuliyoyafanya ndiyo haya, pamoja na yale niliyoyapata mwenyewe kwa taabu miaka ya nyuma, wakati sina wa kumwuliza.

Nina banda la gemu Ngamiani, hapa Tanga. Wateja wangu ni watu wa mpira: anayefungwa anampisha mwenzake, na kazi yangu mchana kutwa ni kuamua ugomvi. Nikishafunga mlango ndipo nacheza langu, na langu ni Doom 3.

CD ninayoizungumzia ni Doom 3 BFG Edition ya id Software, iliyotoka 2012 kwa PS3 (yaani PlayStation 3, ndiyo mashine ya mpwa wangu), Xbox 360 na kompyuta. Ndani yake kuna Doom 3 ya 2004, nyongeza yake Resurrection of Evil, sehemu mpya iitwayo The Lost Mission, na zile Doom mbili za zamani, ya 1993 na ya 1994. Mambo yanatokea sayari ya Mars mwaka 2145. Kampuni ya UAC inachezea mitambo ya kusafirisha vitu papo kwa papo, mlango wa Jehanamu unafunguka, na wewe ni askari mgeni ndiyo kwanza umeshuka chomboni. Unaona kwa macho ya huyo askari, mkononi una bunduki. Anayetaka hadithi zaidi acheze.

Hatua ya 1: Mahali pa kuiweka

Isiwe ndani ya kabati la vioo la sebuleni, pamoja na vikombe vya wageni. Mashine ile inatoa joto kama pasi, na joto la Tanga mwezi wa pili halihitaji msaidizi. Iweke mezani, nyuma uache nafasi ya kiganja. Mnaokaa karibu na maji, Raskazone na kwingineko, tazameni tundu la HDMI, lile la waya wa kwenda kwenye tivii, kama limeshika kutu kabla hamjatoa hela.

Hatua ya 2: Pedi

Pedi ya PS3, kile cha kuchezea mkononi, inatumia waya wa USB wenye kile kichwa kidogo cha zamani, kama wa kamera, siyo wa simu za siku hizi. Ichomeke kwenye mashine, bonyeza kitufe cha PS hapo katikati, subiri taa itulie kwenye namba moja. Ikikataa, badili waya kwanza, maana nyaya nyingi za mtaani zinapitisha chaji tu. Usihangaike kuichaji kwa chaja ya simu ya ukutani, nyingi haiziitikii. Ichaji kwenye mashine ikiwa imewaka.

Mimi na pedi feki hatupikiki chungu kimoja. Kwenye mpira unaweza kuivumilia. Kwenye gemu ya bunduki, kijiti kikilegea kidogo tu shabaha inatembea yenyewe kushoto huku shetani amesimama kulia. Bora pedi moja halisi iliyochubuka kuliko mbili mpya zinazong'aa.

Hatua ya 3: Ikiwaka bila picha

PS3 ya mtumba inakumbuka tivii ya mwenye nayo wa kwanza. Taa ya kijani inawaka, tivii inakwambia hakuna kitu. Izime mpaka taa iwe nyekundu. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie: utasikia mlio wa kwanza, endelea kushikilia kama sekunde tano mpaka usikie wa pili, ndipo uachie. Hapo inaanza upya kutafuta tivii iliyo mbele yake. Nimeona watu wakitupa nyaya nzima kwa kutokujua jambo hili.

Hatua ya 4: Giza

Hapa ndipo alipokwama mpwa wangu, na ndipo nilipokwama mimi.

Usiku wangu wa kwanza na gemu hii nilikaa tangu baada ya isha mpaka nikasikia adhana ya alfajiri. Sikuwa nacheza, nilikuwa natafuta picha. Mashetani walipoingia kituoni na taa kuanza kuzimika, kioo changu kikawa cheusi ti. Nikapandisha mwanga wa tivii mpaka mwisho. Sasa nikaona kila kitu, lakini kama kupitia moshi wa kuni: giza limekuwa kijivu, shetani anatokea utadhani kavaa shati lililofuliwa kwa jiki, na hofu yote imekwenda. Nikanunua waya mwingine wa HDMI. Nikaipaka CD dawa ya meno kama tulivyokuwa tukifanya zamani (usifanye). Asubuhi nikaenda kugombana na aliyeniuzia, naye akanijibu maneno ambayo siyaandiki.

Kosa halikuwa la yeyote kati ya hao. Ilikuwa ni lugha mbili zisizoelewana. PS3 inaweza kutuma rangi kwa vipimo viwili. Kimoja kinaanzia 0, ndiyo weusi kamili, mpaka 255, ndiyo weupe kamili. Kingine kinaanzia 16 mpaka 235, na hicho ndicho tivii nyingi zimezoea. Sasa mashine ikisema kwa kipimo cha 0 na tivii inasikiliza kwa kipimo cha 16, basi kila kilicho chini ya 16 tivii inakiona cheusi sawasawa: pembe ya ukuta, bomba, bega la zimwi lililojibanza nyuma ya mlango, vyote vinamezwa. Kwenye gemu ya mpira hutojua maisha yako yote, uwanja una jua. Doom 3 karibu mambo yake yote yako huko chini.

Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni, mwongozaji akazima tochi, analijua giza la kweli: mkono wako mwenyewe huuoni. Giza la Doom 3 halikukusudiwa kuwa hilo. Limetiwa vitu ndani yake, na wewe unatakiwa uvione nusu. Tena hili toleo la 2012 liliongezewa mwanga kuliko la 2004, kwa hiyo ukiona kiza totoro usiilaumu gemu.

Fanya hivi. Ingia "Settings", kisha "Display Settings", tafuta mstari wa "RGB Full Range". Weka "Limited". Mistari mingine iache ilivyo. Kwa mpwa wangu, mwenye nayo wa kwanza alikuwa ameweka "Full", nadhani kwa kuona kwamba kamili lazima iwe bora kuliko pungufu.

Halafu nenda kwenye tivii yenyewe, maana nusu ya shida huwa iko huko:

Kwanza toa ule mtindo wa picha wa kung'arisha, ule wa dukani. Unafanya rangi zipige kelele na weusi unauminya. Chagua wa kawaida, au wa sinema. Kama tivii ina mtindo wa gemu, huo ndio hasa, kwa sababu unapunguza kuchelewa: unabonyeza na bunduki inalia hapo hapo. Zima na kile kitu cha kubana umeme kinachopunguza mwanga chenyewe, kwa sababu kinasoma chumba cha giza na kuamua kukutia giza zaidi.

Pili, tivii nyingine zina mpangilio wake wa weusi wa HDMI, kila kampuni imeupa jina lake. Nao uwe upande mmoja na mashine. Ukiweka mashine kwenye kipimo cha 16 na tivii kwenye cha 0, utapata kinyume cha ugonjwa: weusi uliopauka. Ukikuta neno la kujichagulia yenyewe, jaribu hilo kwanza, lakini usiliamini bila kipimo.

Tatu, na hili liliniponza mara ya pili: tivii nyingi zinahifadhi mipangilio kwa kila tundu. Ukirekebisha HDMI ya kwanza, siku moja kijana akachomeka ya pili, umerudi mwanzo na utaapa kwamba ulishatengeneza.

Kipimo changu ni cha nyumbani. Nina flashi yenye picha niliyopiga kwa simu mchana: baibui la mke wangu limetundikwa mlangoni. Naichomeka PS3, naifungua upande wa picha. Nikiona mikunjo ya baibui na ule ushonaji wa mkononi, tumepatana. Nikiona doa jeusi lenye umbo la mtu, bado. Na baibui likionekana la kijivu, nimezidisha. Mke wangu aliuliza mbona baibui lake limejaa kwenye kioo cha banda mbele ya vijana. Nikamweleza habari ya 0 na 16, hakuridhika.

Hayo yakikaa sawa ndipo uguse kipimo cha mwanga kilicho ndani ya gemu yenyewe, tena kwa kuonja tu. Gemu icheze usiku, taa zimezimwa. Mchana pazia likiwa wazi hakuna mpangilio utakaokusaidia.

Hatua ya 5: Sauti

Vaa hedifoni. Spika za tivii nyembamba ni za taarifa ya habari. Kwenye gemu hii utasikia kucha zinakwaruza juu ya dari sekunde mbili kabla hujamwona mtu, na ndizo sekunde za kugeuka. Isitoshe kuna watu nyumbani. Mama yangu alikuja kugonga mlango wakati wa magharibi akiuliza nani anachinjwa humo ndani saa ya kuswali.

Hatua ya 6: Umeme

Kabla ya kuanza tazama yuniti za LUKU. Kila ukimaliza chumba kigumu, simamisha gemu na uhifadhi mwenyewe kwa mkono, usitegemee kile inachojihifadhia peke yake. Umeme ukikatika katikati, utakaporudi mashine itasema inakagua diski yake. Iache imalize, hata ikichukua muda wa kunywa kahawa na kashata mbili.

Ikigoma kabisa, kuna mlango wa nyuma. Taa ikiwa nyekundu, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine ijizime yenyewe. Kishikilie tena mpaka isikike milio miwili ya harakaharaka, kisha chomeka pedi kwa waya. Itakuja orodha. Chagua "Restore File System", isipofaa hiyo, "Rebuild Database". Ile ya "Restore PS3 System" usiiguse ila umekata tamaa, maana inafuta kila kitu.

Hatua ya 7: Kucheza

Anza na kiwango cha chini, "Recruit". Hakuna anayekuangalia.

Tochi iko kwenye vazi la askari, kwa hiyo unaiwasha huku umeshika bunduki. Betri yake inaisha upesi, ukiizima inajijaza. Mwaka 2004 haikuwa hivyo: ulichagua tochi au bunduki, moja. Watu walilalamika sana, mpaka wachezaji wa kompyuta wakatengeneza nyongeza ya kuifunga tochi kwenye bunduki kwa tepu. Mimi nasema ile ya zamani ilikuwa na hofu zaidi, lakini kwenye PS3 huna hiari.

Shotigani inatawanya risasi mno. Ukiwa mbali unapoteza, ukiwa karibu mpaka unaona meno, hakuna kama hiyo. Chumba kikiwa kimya na kina risasi za bure katikati, piga picha kichwani: ukuta gani utafunguka nyuma yangu?

Na okota kila kile kidaftari cha kielektroniki kinachoachwa na maiti, wanakiita PDA. Kina ruhusa za milango, barua, na sauti zilizorekodiwa. Namba za makabati ya risasi zimo humo, mara nyingine zimetajwa kwa mdomo tu, kwa Kiingereza cha harakaharaka, kwa hiyo kaa na kalamu. Mpwa wangu hizo barua alikuwa anaziruka zote. Juzi akapiga tena, safari hii saa sita usiku, ananong'ona ili mama yake asiamke.

"Mjomba, kuna kabati limeandikwa Martian Buddy, linataka namba. Nimesikiliza sauti zote, hamna."

Na kweli hamna. Kwenye barua kuna tangazo tu linalokuelekeza kwenye tovuti, na namba iliwekwa huko kwenye tovuti, nje ya gemu. Nilimwambia aandike: 0508.