Vika sabuni sufu, achana na sponji

Sponji nyingi za kuogea ni plastiki, na kadiri zinavyochakaa ndivyo zinavyoachia chembe zake majini. Jaribu hivi: kipande cha sabuni kivike sufu ya kondoo iliyooshwa na kuchanwa, ambayo bado haijasokotwa; tabaka moja kwa urefu, jingine kwa upana. Kiingize kwenye soksi kuukuu, mwagia maji ya moto, sugua taratibu kisha kwa nguvu, kama dakika 15, mpaka nyuzi zishikamane. Anika. Sabuni ikipungua, ganda nalo hunywea. Ikiisha, lifukie bustanini. Sufu ni protini kama nywele, huoza na kurudisha naitrojeni udongoni.

Ila angalieni, "sufu" nyingi ya madukani ni akriliki, yaani plastiki ile ile. Choma uzi mmoja: sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni, akriliki huyeyuka ikawa donge gumu. Mlio karibu na Molo au Nyandarua, Kenya, ulizieni kwa wafugaji wa kondoo. Manyoya machafu ya tumboni yasitupwe, yatandazeni chini ya miche ya nyanya.