Kupima ukubwa wa chembe kwenye mfereji mwembamba: fuata mtikisiko wa upande

Vijana wengi wanaokuja maabara kwetu hapa Arusha hutaka kuipiga picha chembe, kisha waiwekee rula. Kwa chembe ya nanomita 200 rula haisaidii, kwa sababu mwanga huitandaza ikawa doa pana kuliko yenyewe. Kinachopimika ni mtikisiko. Chembe ndogo husukwasukwa na maji kuliko kubwa, na hesabu yake Einstein aliitoa mwaka 1905.

Weka kwanza chini ya darubini kioo chenye mistari ya mikromita 10, ujue pikseli moja ni kiasi gani. Jaza mfereji, yaani kijia chembamba ambamo maji hupita na chembe chini ya darubini, polepole kwa maji yaliyotoneshwa ambayo yamekaa chumbani, maana maji ya baridi yakipata joto hutoa viputo, na kiputo kimoja kwenye kona kinatosha kuvuruga mkondo wote.

Lenga katikati ya kina. Karibu na ukuta chembe hubanwa, haitikisiki sawasawa. Kisha pima mwendo wa kukata mkondo tu! Ule wa kufuata mkondo uache kabisa: katikati maji hukimbia, kandokando hujikokota, na tofauti hiyo humeza mtikisiko unaoutafuta.

Rekodi picha 10 kwa sekunde. Andika kila chembe imehama upande mikromita ngapi toka picha moja hadi inayofuata. Ondoa wastani wa hatua zote, kila hatua iweke kwenye kipeo cha pili, tafuta wastani mpya, gawanya kwa 0.2 (mara mbili ya sekunde 0.1 iliyo kati ya picha na picha). Kwa maji ya nyuzi 25, chukua 0.49 ugawanye kwa jibu hilo. Hicho ndicho kipenyo kwa mikromita. Wastani ukiwa 0.196, unapata 0.98, na chembe ni nanomita 500.

Hapa kwetu joto ndilo linaloharibu kazi. Asubuhi ya Julai chumba kikiwa nyuzi 15, maji huwa mazito zaidi, na ukibaki na 0.49, chembe ya 500 itasomeka karibu 660. Badala yake tumia 0.37 kwa nyuzi 15, 0.43 kwa nyuzi 20. Kipimajoto kikae ubavuni mwa mfereji, si ukutani, kwani taa ya darubini nayo hupasha.

Anza na vijishanga vya polistirini (aina ya plastiki) vyenye ukubwa unaojulikana, ndipo ulete sampuli yako. Hatua 1,000 hubakiza kosa la asilimia 4 au 5. Ukitaka asilimia 1, kusanya 20,000.