Kutathmini sumu ya chumvi inapomezwa: tuutumie mrututu kama mfano

Mrututu unajulikana Unguja na Pemba. Watu huupaka kwenye vidonda, na pengine hukaa ndani ya kikaratasi kisichoandikwa kitu, mahali mtoto anapofika. Kikemia ni salfeti ya shaba, yaani chumvi ya metali, si chumvi ya kula. Nimeuchagua kwa sababu unaonesha wazi jambo ambalo vijana wanaoanza maabara hulipita mbio: kazi kubwa ya kutathmini sumu hufanyika mezani, kwa kalamu na vitabu, kabla panya hata mmoja hajaguswa.

Hatua ya 1: Jua ni chumvi ipi hasa

Fuwele za buluu zimebeba molekuli 5 za maji kwa kila moja ya chumvi. Namba yake ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kemikali, ni 7758-99-8. Unga mweupe hauna maji hayo, na namba yake ni 7758-98-7. Gramu 100 za ile ya buluu zina takriban gramu 64 tu za chumvi kavu, na shaba yenyewe ni kama gramu 25.

Kwa hewa yetu ya pwani, ule unga mweupe ukiachwa wazi hunyonya unyevu na kugeuka buluu. Uhifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, chenye kikaushio, na upime haraka. Mizani haikwambii kama unapima chumvi au maji.

Hatua ya 2: Kusanya vipimo vilivyokwishafanywa, kisha uvigeuze

Unatafuta LD50 ya kumeza, yaani kiasi kinachokadiriwa kuua nusu ya wanyama waliopewa, kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Namba ndogo ni sumu kali.

Kwa mrututu utakutana na 300 katika vitabu vya zamani, na 481 katika uainishaji wa Ulaya. Usichukue wastani. Uliza kwanza: namba hii ni ya fuwele za buluu au ya unga mkavu? Kama 300 ni ya unga mkavu, igawe kwa 0.64 upate karibu 469 kwa chumvi ya buluu. Tofauti iliyoonekana kubwa inaweza kuwa ni maji tu. Chanzo kisichotaja aina ya chumvi, mimi sikitegemei.

Hatua ya 3: Weka kwenye kundi

Mfumo wa GHS wa Umoja wa Mataifa, unaotumika kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, una makundi haya kwa LD50 ya kumeza (miligramu kwa kilo):

- la 1: hadi 5
- la 2: zaidi ya 5 hadi 50
- la 3: zaidi ya 50 hadi 300
- la 4: zaidi ya 300 hadi 2000
- la 5: zaidi ya 2000 hadi 5000 (baadhi ya nchi hazilitumii)

Ona namna 300 inavyokaa mpakani. Kundi la 3 hubeba alama ya fuvu. La 4 hubeba alama ya mshangao. Hesabu ya maji ya fuwele ndiyo inayoamua alama ipi ibandikwe.

Hatua ya 4: Wanyama, pale tu taarifa hazipo

Kwa mrututu huna sababu ya kufika hapa. Kwa chumvi mpya, pata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Jaribio la zamani lililotumia wanyama wengi, mwongozo namba 401 wa OECD (shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali), lilifutwa mwaka 2002. Siku hizi hutumika miongozo namba 420, 423 au 425.

Katika 423 huanza panya 3, kwa kawaida majike, kwa dozi ya miligramu 5, 50, 300 au 2000 kwa kilo. Ukianza na 300, panya wa gramu 200 anapata miligramu 60. Kwa mililita 1 kwa kila gramu 100 za mwili, hizo ni mililita 2 za myeyuko wa miligramu 30 kwa mililita. Wakifa 2 au 3, teremka hadi 50. Akifa mmoja au asife yeyote, rudia 300 kwa wengine 3.

Waangalie ndani ya nusu saa ya mwanzo, kwa makini zaidi saa 4 za kwanza, kisha kila siku hadi siku ya 14. Anayeteseka sana hasubiriwi. Anamalizwa bila maumivu na kuhesabiwa miongoni mwa waliokufa.

Hatua ya 5: Rudi kwa binadamu

Panya hawezi kutapika. Mtu akimeza mrututu hutapika, kwa hiyo sehemu ya sumu hutoka, lakini utumbo huungua, na shaba iliyopita huweza kuharibu ini, figo na chembe nyekundu za damu. LD50 haisemi lolote kati ya hayo, na wala si kipimo cha kiasi salama. Yaandike kando ya namba.

Hatua ya 6: Ripoti na lebo

Taja aina ya chumvi, namba ya CAS, usafi wake, chanzo cha LD50 na hesabu uliyofanya. Kwa mrututu wa buluu wenye 481: kundi la 4, alama ya mshangao, na maneno “Ina madhara ikimezwa”. Yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye pakiti yenyewe anayoondoka nayo mnunuzi.