Hati ya uwakilishi kwa mkandarasi aliye ughaibuni: mtoa mamlaka ni kampuni, si wewe

Mkandarasi wa Kitanzania anayeishi Uingereza huku kampuni yake ikiendelea na kazi nyumbani hawezi kuikwepa hati ya uwakilishi, yaani hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, ile ambayo mtaani tunaiita pawa ofu atoni. Taratibu za BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), za TRA (mamlaka ya mapato) na za Bodi ya Usajili wa Makandarasi unazijua, kwa hiyo sitazirudia. Ninachotaka ukishike kabla hujamlipa mwanasheria yeyote ni kwamba hati uliyoitoa kwa jina lako binafsi haiendeshi kampuni iliyosajiliwa, hata kama hisa karibu zote ni zako.

Hati yangu iliandaliwa na wakili wa nyumbani aliyenakili kielelezo cha hati za viwanja, ikasema kwamba mimi ninamteua mdogo wangu asimamie mali na biashara zangu zote. Kwa kuitazama ilipendeza, maana ilijaa mihuri ya nchi mbili. Halmashauri ilipolipa cheti cha malipo cha mradi wa madarasa, fedha ziliingia kwenye akaunti ya kampuni zikaganda humo humo, kwa kuwa ofisa wa benki aliirudisha nakala ya hati akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mtoaji wa mamlaka si mwenye akaunti." Vibarua walikuwa wanadai ujira wao, muuza nondo alikuwa amesimamisha mkopo wa vifaa, na mdogo wangu alikuwa amekaa nje ya tawi akinipigia simu huku mvua ikipiga bati.

Sheria ilikuwa upande wa benki. Kampuni ni mtu anayejitegemea kisheria: akaunti ni yake, mkataba ni wake, zabuni ni yake. Wewe ni mkurugenzi tu, na ukurugenzi haukabidhiwi kwa ndugu kwa hati binafsi. Isitoshe, hati binafsi hukoma siku unapofariki, wakati iliyotolewa na kampuni haifi na mkurugenzi. Narudia kwa sababu najua utakayoambiwa na wakili mwenye haraka: usikubali hati inayoanza kwa jina lako.

Njia sahihi huanzia kwenye azimio la bodi linalomtaja mwakilishi na kila mamlaka anayopewa. Baada ya hapo kampuni yenyewe hutoa hati kwa saini za wahusika na lakiri yake, yaani mhuri rasmi wa kampuni, kama inayo. Kama katiba ya kampuni inaruhusu, na mkurugenzi mwenzako na katibu wako nyumbani, waache wao watie saini huko huko, nawe usaini azimio peke yake; hati haitakuwa na haja ya kusafiri. Ikibidi usainie Uingereza, utaanza kwa mthibitishaji wa nyaraka (notari), utapita Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, kisha ubalozi wetu London. Ikifika nyumbani ilipiwe ushuru wa stempu, kwani isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi.

Mthibitishaji wa Kiingereza atakuchosha. Atataka pasipoti, taarifa za kampuni kutoka BRELA, azimio na katiba, kisha atakuuliza kama hakuna anayekulazimisha. Nilimwona mkorofi, lakini sasa namheshimu kuliko wale wa kwetu wanaogonga mhuri juu ya saini ya mtu ambaye hawajawahi kumwona. Waingereza wana desturi nyingine inayowachanganya wageni: wanayo hati ya kudumu inayosajiliwa serikalini ili mtoto amsimamie mzazi atakapopoteza kumbukumbu, jambo ambalo kwetu tungeliita uchuro. Hiyo si hati unayoitafuta, hata kama mhudumu wa dirishani atakupa fomu yake kwa tabasamu.

Ndugu zetu nao, kwa heshima zote, waelewe kwamba kupewa hati si kurithishwa kampuni. Mdogo wangu ni mwaminifu, lakini alidhani anaweza kuweka rehani mashine ya kuchanganyia zege ili alipe vibarua, na hati ile pana ingempa mkopeshaji kisingizio. Mpe mwakilishi uwezo wa kusaini zabuni na mikataba hadi kiwango fulani, kupokea malipo na kuwasilisha ritani za kodi. Kukopa, kuweka rehani na kuuza mitambo vikatazwe kwa maandishi. Kwa zabuni za serikali zinazopitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, tayarisha hati inayoitaja zabuni husika, kwa sababu hati ya jumla inaweza kukuangusha kwenye tathmini ya awali. Benki nayo ipelekewe azimio la kubadilisha watia saini. Usitegemee hati peke yake.

Weka tarehe ya kikomo. Ukiibatilisha kabla ya tarehe hiyo, kumwambia mwakilishi kwa simu hakutoshi, kwa maana benki na wateja ambao hawajapata taarifa wanaweza kuendelea kumtambua, na kampuni ikafungwa na saini yake. Pelekeni barua ya ubatilisho kwa kila mmoja wao, na kila nakala irudi ikiwa na mhuri wa kupokelewa.